Miaka 13 ya Kumsubiri Malkia

Binamu yangu alipokuja likizo kutoka Houston mwishoni mwa 2010, ndani ya begi lake, katikati ya viatu vya watoto na chupa za losheni, mlikuwa na diski moja ambayo bado imevaa nailoni yake. The African Queen. Alijua mimi na filamu za kale ni chanda na pete. Jioni ile ile tukaitia kwenye deki. Ikazunguka, ikakwaruza kidogo, kisha kwenye kioo cha runinga yakatokea maneno ya kutuarifu kwamba diski hii si ya eneo letu. Mama alikuwa kwenye mkeka anachagua mchele. Akauliza bila kuinua kichwa: "Kwani si mmesema ni filamu ya huku kwetu?"

Swali lile lina majibu mawili, na yote ni kweli. John Huston aliipiga filamu hiyo mwaka 1951 kando ya Mto Ruiki, Kongo ya Wabelgiji, kisha akahamia Uganda, Butiaba kwenye Ziwa Albert na eneo la Maporomoko ya Murchison. Hadithi yenyewe inatokea Afrika Mashariki ya Wajerumani, 1914. Humphrey Bogart ni nahodha mlevi wa kimashua cha moshi, Katharine Hepburn ni dada wa mmisionari wa Kiingereza, na mto wanaoshuka nao unaitwa Ulanga. Mtu wa Mahenge au Ifakara atacheka hapo, maana Ulanga wa filamu unamwaga ziwani, ilhali maji ya Ulanga tunaoujua huishia Rufiji na baharini. Ziwani wanakwenda kuizamisha meli ya kivita ya Wajerumani. Meli iliyompa mwandishi wa riwaya wazo hilo, Graf von Götzen, Wajerumani waliizamisha wenyewe karibu na Kigoma Julai 1916; Waingereza wakaiibua 1924, na 1927 ikarudi kazini ikiitwa Liemba. Kimashua cha Bogart, kilichoundwa Uingereza mwaka 1912 na kufanya kazi Ziwa Albert, leo kiko Key Largo, Florida. Kwa hiyo meli iliyozamishwa kwenye hadithi ingali Ziwa Tanganyika, na mashua iliyonusurika imehamia Marekani.

Hilo ndilo jibu la kwanza. La pili ni kwamba filamu ni mali, na mali ina hati. Hati ya hii haikuwahi kuwa na anwani ya huku.

DVD zilianza kuuzwa Marekani Machi 1997. The African Queen ilitoka rasmi kwa DVD nchini humo tarehe 23 Machi 2010. Miaka 13. Filamu hii ndiyo iliyompa Bogart Oscar yake pekee. Taasisi ya Filamu ya Marekani ilipotoa orodha yake ya filamu 100 bora za nchi hiyo mwaka 2007, hii ilikuwa humo, na miongoni mwa zote 100 ikabaki peke yake bila DVD rasmi ya Kimarekani. Waingereza walikuwa na yao dukani miaka kadhaa kabla. Kanda za VHS zilikuwepo. Wanunuzi walikuwepo, tena wengi, wakilalamika kila mwaka. Kilichokosekana ni makubaliano. Haki za kuiuza Marekani zilikuwa mikononi mwa studio ya Paramount. Negativu za asili, yaani mikanda yenyewe iliyopita ndani ya kamera, zilikuwa Uingereza, kwa kuwa filamu ilitengenezwa kwa ubia wa kampuni ya Kiingereza, na haki za kwingineko zilishikwa na watu wengine. Mmoja ana ruhusa ya kuuza lakini hana kitu kizuri cha kuuza, mwenzake ana kitu lakini hana soko. Kila aliyewahi kurithi shamba lenye hati Dodoma na mipaka Singida anajua mambo haya huchukua muda gani.

Tumezoea kusema filamu kongwe hudumu kwa sababu ni nzuri, kwamba wakati ni ungo unaopepeta pumba. Nimekusanya kanda na diski kwa zaidi ya miaka 20 na siiamini tena hadithi hiyo. Ungo upo, ila unashikwa na mwanasheria. Filamu kongwe ya Kimarekani humfikia mtu sebuleni pale tu ambapo karatasi zake zimekaa sawa na kuna mtu anayeona faida ya kuzifuatilia.

Turudi mwanzo, maana mwanzo wenyewe ulikuwa wa kubahatisha. Mwaka 1977 Andre Blay, mfanyabiashara wa Farmington Hills, Michigan, ambaye kampuni yake Magnetic Video ilikuwa ikirudufu kanda za sauti, aliziandikia studio kubwa za Hollywood kuomba ruhusa ya kuuza filamu zao kwa kanda za video. Ni Fox peke yao waliomjibu. Akalipa dola 300,000 za utangulizi, akachagua filamu 50, akaanza kuziuza kwa takriban dola 50 kila moja. Kwa studio hizo ilikuwa kama kuuza magunia matupu: filamu zilikuwa zimeshapita kwenye kumbi na kulipa, zilizobaki ni makopo kwenye ghala. Desemba mwaka huo huo, George Atkinson wa Los Angeles alinunua filamu hizo 50, kila moja kwa aina zote mbili za kanda, Betamax na VHS, akafungua duka la kukodisha kwa dola 10 kwa siku. Studio zikapandwa na hasira, lakini sheria ilikuwa upande wake: ukishauziwa kopi halali ni yako, unaweza kuiuza, kuiazima au kuikodisha. Kila banda la video duniani, likiwemo lile la mtaani kwenu lenye mabenchi ya mbao na pazia la gunia, ni mjukuu wa duka lile, hata kama mabanda yetu hayakuwahi kumlipa mtu senti.

Kuhusu vita vya studio dhidi ya deki zenyewe nitapita haraka. Universal na Disney waliishitaki Sony, watengenezaji wa deki, kesi ikafika Mahakama Kuu ya Marekani, na Januari 1984 Sony wakashinda kwa kura tano dhidi ya nne. Jack Valenti, msemaji mkuu wa studio, alikuwa ameliambia Bunge mwaka 1982 kwamba deki kwa mtengeneza filamu ni sawa na yule muuaji wa Boston kwa mwanamke aliye peke yake nyumbani. Haikupita hata miaka 10 muuaji huyo akawa ndiye anayelipa kodi ya nyumba: kufikia mwishoni mwa miaka ya 1980 studio zilikuwa zinapata fedha nyingi zaidi kwenye video kuliko kwenye kumbi za sinema.

Fedha hizo ndizo zilizobadilisha ghala kuwa hazina. Kabla yake filamu ya zamani ilikuwa mzigo. Mikanda ya kale ya naitreti, iliyotumika hadi karibu 1951, huwaka kama petroli. Julai 1937 ghala la Fox huko Little Ferry, New Jersey, liliungua na kuteketeza sehemu kubwa ya filamu zao za bubu. Nyingine zilitupwa kwa makusudi ili kupata nafasi, au kuyeyushwa kwa ajili ya madini ya fedha yaliyomo ndani ya ute wake. Maktaba ya Bunge la Marekani ilitoa ripoti mwaka 2013: kati ya filamu ndefu za bubu karibu 11,000 zilizotengenezwa nchini humo, ni asilimia 14 tu zilizobaki zikiwa kamili katika umbo lake la kwanza. Zilizopotea hazikuzidiwa uzuri na zilizobaki. Hakuna aliyefikiri kwamba siku moja mtu wa kawaida atalipa dola 20 kuiweka filamu ya babu yake kwenye rafu.

Ted Turner, tajiri wa runinga aliyeanzisha CNN, alifikiri. Mwaka 1986 aliinunua MGM kwa takriban dola bilioni 1.5, watu wakamcheka kwamba amepigwa. Baada ya muda mfupi akauza karibu kila kitu, majengo, nembo na biashara, akabaki na filamu. Mwaka 1996 kampuni yake ikaungana na Time Warner. Ndiyo maana leo ukiangalia King Solomon's Mines ya 1950, iliyopigwa Kenya, Uganda, Tanganyika na Kongo, simba wa MGM anakuungurumia mwanzoni, lakini mwenye mali ni Warner. Mogambo ya 1953, ya John Ford, nayo vivyo hivyo. (Hilo jina lisikusumbue. Si Kiswahili chochote, ni mgambo aliyepotea njia.) Jina MGM lenyewe tangu 2022 ni la Amazon. Fox nayo imemezwa na Disney tangu 2019, kwa hiyo Gregory Peck anayeugua kidonda chini ya Kilimanjaro yuko nyumba moja na Mickey Mouse.

Kuhusu huyo Peck inabidi nikae kidogo, maana hapa nadharia yangu inapata mtihani.

The Snows of Kilimanjaro ilitolewa na Fox mwaka 1952. Sehemu kubwa ilipigwa studioni California, Kilimanjaro ikionekana kama kalenda iliyotundikwa ukutani. Kwa sheria ya Marekani ya wakati ule, hakimiliki ilidumu miaka 28, kisha mwenye mali alitakiwa ajaze fomu ya kuihuisha ili apate miaka 28 mingine. Asipojaza, kazi inakuwa ya umma. Kwa filamu hii fomu haikujazwa. Ofisi yenye mawakili sakafu nzima ilisahau karatasi moja. Matokeo yake kila aliyekuwa na mashine ya kurudufu aliweza kuiuza, na ndiyo filamu utakayoikuta kwenye vile visanduku vya diski za bei poa, filamu 50 kwa bei ya sahani ya biriani. Niliwahi kununua nakala yake moja. Theluji ya mlima ilikuwa ya waridi, uso wa Ava Gardner una rangi ya chai ya maziwa, sauti inatoka kama mtu anazungumza ndani ya pipa. Rangi ya Technicolor iliyopeleka filamu hiyo kwenye uteuzi wa Oscar ya upigaji picha ilikuwa imekwisha, kwa kuwa mtu alirudufu kopi ya kopi ya kopi iliyowahi kurushwa runingani.

Sasa mtihani wenyewe. Kuna filamu iliyosahauliwa fomu na ikapona kwa sababu hiyo hiyo. It's a Wonderful Life, ya Frank Capra, ilitoka 1946 na haikurudisha vizuri hata gharama zake. Mwaka 1974 haki yake haikuhuishwa. Vituo vya runinga vya Marekani vikagundua kuna filamu ya Krismasi isiyolipiwa, vikairusha kila Desemba mpaka taifa zima likaikariri. Ingekuwa na mwenyewe anayedai ada, huenda ingebaki koponi. Kwa hiyo ukosefu wa karatasi nao huweza kuwa baraka? Kwa umaarufu, ndiyo, nakubali. Kwa sura yake, hapana. Kanda zilizozagaa enzi hizo zilikuwa mbovu kama Kilimanjaro yangu ya waridi, na kulikuwa na toleo lililopakwa rangi ambalo lilimkasirisha Capra mwenyewe. Mwaka 1993 kampuni ya Republic ikapata mlango wa nyuma: hadithi fupi iliyozaa filamu na muziki uliomo ndani yake bado vilikuwa na hakimiliki, wakavitumia kuirudisha filamu zizini. Bure ikaisha. Baada ya hapo ndipo zikaanza kutoka nakala safi. Sipendi hitimisho hilo, lakini ndivyo lilivyo: kwenye biashara hii mtu husafisha tu kioo cha nyumba anayotoza kodi.

Na kusafisha kwenyewe si kazi ya kitambaa na maji. Kamera ya Technicolor iliyobebwa mpaka Kongo ilikuwa na mikanda mitatu ndani yake. Mwanga ulipoingia uligawanywa na kioo cha pembe tatu, mkanda mmoja ukanasa wekundu, mwingine kijani, mwingine buluu. Yote mitatu ni ya rangi nyeusi na nyeupe. Rangi zenyewe zilitiwa baadaye wakati wa kuchapa kopi, karibu kama mchapaji wa kanga anavyopitisha wino mmoja baada ya mwingine. Faida yake ni kwamba mkanda wa nyeusi na nyeupe haupauki kama filamu za rangi zilizokuja baadaye. Hasara ni kwamba baada ya miaka 50 kila mkanda umesinyaa kivyake. Ukiilaza pamoja hailingani: ukingo wa kofia ya Bogart unakuwa na uzi mwekundu upande huu na wa kijani upande ule. Kwa toleo la 2010 negativu zile tatu ziliskaniwa moja moja kwa ubora mkubwa, kisha kompyuta ikazilinganisha fremu kwa fremu. Filamu ya dakika 105 ina fremu zaidi ya 150,000. Zidisha kwa tatu. Jack Cardiff, aliyepiga picha zile kwenye joto na mbu wa Ruiki, alifariki Aprili 2009, miezi 11 tu kabla diski haijaingia dukani.

Hesabu hiyo ndiyo inayonifanya nisicheke kabisa na wanasheria. Hakuna kampuni itakayolipia kazi kama ile kama jirani anaweza kuirudufu kesho yake na kuiuza barabarani. Lakini pia hakuna kazi kama ile itakayofanyika kama wenye hati mbili wananuniana kwa miaka 13. Hatari! ya Howard Hawks, iliyopigwa Momella karibu na Arusha wakati Tanganyika bado haijapata uhuru, haikupata mikasa hii: studio moja, Paramount, hati moja, ikatoka kwa DVD bila kelele. John Wayne anafukuza vifaru kwa gari, Elsa Martinelli anaitwa Mama Tembo, yamekwisha. Si filamu bora kuliko The African Queen. Ni filamu yenye faili nadhifu zaidi.

Hapo bado hatujagusa kilichoizuia diski ya binamu.

Studio zilipoikubali DVD zilidai dunia igawanywe. Marekani na Kanada zikawa eneo la 1. Ulaya, Japani na Mashariki ya Kati, eneo la 2. Afrika karibu yote tukawekwa eneo la 5, pamoja na India na Urusi. Afrika Kusini ikachukuliwa upande wa Ulaya, sijui niseme kwa heshima au kwa mazoea. Mgawanyo huo uliipasua hata familia moja: Mzanzibari aliyeko Maskati yuko eneo la 2, dada yake aliyebaki Malindi yuko eneo la 5, na kwa kanuni hiyo diski ya mmoja haichezi kwa mwenzake. Sababu waliyotoa ni kwamba filamu mpya hutoka kwenye kumbi kwa zamu, Marekani kwanza, wengine baadaye, na hawakutaka diski itangulie ukumbi. Sawa. Lakini filamu ya 1951 inalindwa zamu ya ukumbi gani? Nani Mwanza au Bukavu alikuwa anangoja The African Queen ifike sinema? Kufuli lililotengenezwa kwa ajili ya filamu mpya lilitiwa pia kwenye filamu za kale kwa sababu kiwanda kilikuwa kimeshazoea kulitia, na watoa filamu wakubwa hawakuona soko huku la kuwafanya wachape diski za eneo letu. Tukawa tumefungiwa mlango wa duka ambalo halikujengwa. Wachuuzi wa diski za kuchoma wakafanya yaliyobaki. Kila mara tunapoambiwa Mwafrika anapenda kopi feki, naikumbuka namba 5.

Kwa wenye kanda za kale ilikuwa mbaya zaidi, ingawa kwa sababu za ufundi. Kanda ya Marekani ilirekodiwa kwa mfumo wa NTSC, runinga zetu zilikuwa za PAL, picha ikawa inapanda kama pazia au inakuja bila rangi. Na ile ya PAL, ya Uingereza, ambayo ilicheza vizuri, ilikuwa imeharakishwa: sinema hupigwa fremu 24 kwa sekunde, PAL huonyesha 25, basi filamu ya dakika 105 huisha kwa takriban dakika 101 na sauti zote zinapanda kidogo. Kizazi kizima cha Afrika Mashariki kilimsikia Bogart akiwa na sauti nyembamba kuliko aliyokuwa nayo.

Wapo watakaosema haya yote yamepitwa, siku hizi kuna mtandao. Naomba wajaribu. Waingie kwenye huduma yoyote kubwa ya kulipia kwa mwezi, wakiwa Dar, Nairobi au Lubumbashi, watafute filamu za Kimarekani za kabla ya 1960, wahesabu kwa vidole. Huduma iliyojengwa kwa ajili ya filamu hizo hasa, FilmStruck, ilizinduliwa 2016 na kufungwa Novemba 2018, kwa sababu wakubwa waliona wateja wake ni wachache mno. Iliyoirithi kwa kiasi, Criterion Channel, ilianza Aprili 2019 kwa ajili ya Marekani na Kanada tu. Kwa maneno mengine, eneo la 1 limerudi, safari hii bila hata diski ya kubeba kwenye begi. Na Juni 2020, katikati ya maandamano baada ya kifo cha George Floyd, huduma ya HBO Max iliiondoa Gone with the Wind, filamu ya 1939 inayozipamba enzi za utumwa, kwa wiki mbili hivi, kisha ikairudisha ikiwa na maelezo ya mtaalamu wa historia ya sinema, Jacqueline Stewart. Maelezo yale ni mazuri, niliyapenda. Lakini aliyekuwa na diski yake hakuhitaji kungoja mtu aamue. Kitu alichonipa Atkinson kwa ubishi wake mwaka 1977, kwamba ukinunua ni chako, mtandao umekichukua kimyakimya, na tumeusaidia kubeba.

Waliobaki kwenye biashara ya diski za kale ni wadogo na wenye wazimu mzuri. Warner walianzisha mwaka 2009 mpango wa kuchoma diski mojamoja kwa kila anayeagiza, ili filamu isiyoweza kuuza nakala 10,000 iweze kuuza 300 bila hasara. Kampuni iitwayo Twilight Time ilikuwa inakodi haki kutoka studio na kwa kawaida kuchapa nakala 3,000 tu za kila filamu, zikiisha zimeisha, kama doti ya kanga ya harusi ya mtu. Ilifungwa 2020, na diski zake sasa zinauzwa mitumba kwa bei za kutisha. Nawashukuru wote, ila sijidanganyi: filamu inapofikia kuuzwa kwa idadi hiyo imekuwa kitu cha wakusanyaji, na mkusanyaji wa Ohio na mwalimu wa sekondari wa Songea hawalipi posta sawa.

Kwa nini nihangaike hivi kwa filamu ambazo, tuseme wazi, mara nyingi zilitutumia kama mandhari? Kwa sababu ya kitufe cha kusimamisha. Ukumbini majina hupita. Kwenye diski naweza kuisimamisha King Solomon's Mines pale majina yanapoorodheshwa, nikasoma taratibu: Kimursi. Siriaque. Sekaryongo. Baziga. Siriaque ndiye yule mtu mrefu anayetembea na msafara karibu filamu nzima akiwa amekaza uso, kumbe ni mfalme anayerudi kwao. Filamu ile ilipata Oscar mbili, ya upigaji picha na ya uhariri, na picha iliyoshinda ni pamoja na mwili wake na mwendo wake. Kila mara kampuni inapotoa upya filamu hizi hujaza diski kwa simulizi za nyuma ya pazia. Diski ya The African Queen ina makala nzima ya jinsi filamu ilivyotengenezwa, na kisa cha Hepburn kuugua tumbo huku Huston na Bogart wakinywa wiski badala ya maji kimesimuliwa mpaka kimechakaa. Mtu anayetafuta jambo jipya la kutia kwenye toleo lijalo angekuja Butiaba, au Ubundu kule Kongo, na kinasa sauti, mapema. Wajukuu wapo.

Ile diski ya binamu ilikaa kabatini wiki mbili. Nikaipeleka deki kwa fundi mmoja Kariakoo, kijana wa miaka kama 20, hakufungua hata skrubu. Aliifungua trei, akabonyeza namba fulani kwenye rimoti kwa kasi ya mtu anayepiga simu nyumbani kwao, kioo kikaandika neno dogo, akaniambia sasa inacheza za dunia nzima. Elfu tano. Nikamuuliza namba hizo amefundishwa na nani, akacheka.

Usiku tukakaa wote. Filamu inaanza ndani ya kanisa la misheni, wenyeji wamejazana wanaimba wimbo wa Kiingereza wasioujua, Hepburn anakanyaga kinanda, kaka yake mchungaji anajitahidi sauti yake isifunikwe. Mtiririko wa rangi ulikuwa wa ajabu, kijani cha msitu kama kimelowa. Katika majina yaliyoonyeshwa hakuna hata mmoja wa waimbaji wale. Bogart akafika na mashua yake, filimbi ikalia, watu wakatoka mbio kugombea kipisi cha sigara yake.

"Rudisha nyuma," mama akasema.

Nikamuuliza mpaka wapi.

"Pale kanisani. Rudisha niwaangalie vizuri."